Mmoja na Mgeni

Kabla Siwema Mntambo hajavua viatu mlangoni, Bi Mwantumu alikwishajua kilichomleta. Mkoba wa kijani wa Mamlaka ya Stahiki, wale wanaolipa posho na pensheni za wazee, haujifichi, na mtaa mzima ulikuwa umeuona ukija tangu kona ya kinu cha kukoboa mpunga. Lakini mtu wa miaka sabini na minane, tena mzaliwa wa Tanga, haanzi na mkoba wa mgeni. Anaanza na chai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani. Chai ipo, na vitumbua vya asubuhi vimebaki viwili, utadhani vilijua unakuja."

"Ahsante, Bibi, ila siruhusiwi. Mthibitishaji hali wala hanywi kwenye nyumba anayoikagua. Akila, kibali chake kinafungwa."

"Hata maji?"

"Nimekuja na yangu." Siwema akainua chupa yake, akaona aibu.

Bi Mwantumu akaitazama ile chupa kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na kiti chake. Akamwongoza jikoni, maana alijua huko ndiko kwenye kesi.

Jiko lilikuwa pale pale lilipofungwa miaka kumi na miwili nyuma, mwaka ule Serikali ilipogawa majiko ya umeme bure, nyumba hadi nyumba, na watu wakapiga vigelegele. Katika furaha ile hakuna aliyeuliza kwa nini jiko la bure lina mizani chini ya chungu na sikio ubavuni. Baadaye walipojua kwamba linapima kila kinachopikwa na kukituma Mamlaka, walilipa jina la Karani, wakalizoea, wakaendelea kupika. Wazee walipewa na pete pia. Pete inajua umekula saa ngapi na umekula kiasi gani. Daktari anaipenda sana pete hiyo, na Mamlaka inaipenda kumshinda daktari.

Bi Mwantumu alibandika sufuria la mchele. Jiko likawaka rangi ya chungwa.

"Wangapi leo?" Karani akauliza, kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri.

"Mmoja na mgeni," bibi akajibu bila kugeuka.

Siwema aliyafahamu maneno hayo kabla hajayasikia. Yalikuwa kwenye faili, yamejirudia kurasa kwa kurasa. "Bibi, umejibu hivyo kila siku kwa miaka sita."

"Na sijadanganya hata siku moja. Mzee Mhina si mgeni? Nyumba yake ile, hii yangu."

"Pete yake inasema anakula wali saa saba mchana, na jiko lake limelala. Jiko lako limepika wa watu wawili, pete yako imekula wa mtu mmoja. Mashine ikiona hivyo miaka sita, inasema hawa ni kaya moja wamejigawa milango miwili."

Bi Mwantumu alifunika sufuria, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akaeleza taratibu, kama anamweleza mtu ambaye si wa kwao. Kulikuwa na bakuli. Bakuli la bati lenye maua mekundu, lenye kawa lake la ukindu. Mke wa Mzee Mhina alipofariki, Bi Mwantumu alipeleka chakula msibani katika bakuli hilo. Arobaini ilipopita, mzee akalirudisha, na kwa kuwa ni mtu aliyefunzwa, hakulirudisha tupu, alilijaza maparachichi. Sasa bakuli limekuja na maparachichi, yeye angelipeleka wapi tupu? Akalijaza bokoboko. Likarudi na ndizi. Likaenda na kisamvu. Miaka sita hakuna aliyeweza kuwa wa kwanza kuliacha.

"Zamani mabakuli yalizunguka nyumba tisa mtaa huu," alisema. "Wengine wamekufa, wengine wamehamia kwa watoto wao, na hizo nyumba nyingine zimewekwa mitambo tu, hakuna anayepika. Tumebaki wawili."

"Yangekuwa majiko tisa, au hata matatu tu, nisingekuja," Siwema alisema. "Kuanzia matatu sheria inasema ni ujirani, haigusi. Ni mawili tu yanayolishana ndiyo yanaitwa kaya."

Bi Mwantumu alifikiri kidogo. "Kwa hiyo kosa letu ni kubaki hai wawili."

Kwenye fomu ya Siwema hapakuwa na nafasi ya kuandika hilo.

*

Ng'ambo ya barabara, Mzee Sufiani Mhina alikuwa amevaa kanzu safi na miwani, amekaa wima barazani kama anasubiri kupigwa picha. Alifanya kazi kiwanda cha mkonge miaka arobaini, kwa kima cha chini cha mshahara tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na singa za mkonge zilimwachia kikohozi ambacho mpaka leo hukitanguliza kabla ya maneno yake. Pensheni yake ilifungamanishwa na hicho hicho kima cha chini. Miaka yote ilikuwa pensheni ya kununulia sabuni na chumvi. Mwaka jana Serikali ikapandisha kima cha chini karibu maradufu, na pensheni zikapanda nacho, watu wakacheza ngoma barabarani. Miezi mitatu baadaye ikafuata kanuni ya kaya, ukurasa mmoja tu. Hiyo hakuna aliyeichezea. Ilisema kwamba kaya yenye pensheni mpya haihitaji tena posho ya uzee, na mwenye posho ataandikwa mtegemezi wa mwenye pensheni.

"Mwanangu," Mzee Mhina alisema baada ya salamu na kikohozi, "nadhani umeleta majibu ya fomu yangu."

"Fomu gani, Babu?"

Akaingia ndani, akatoka na nakala, imekunjwa vizuri ndani ya msahafu wa zamani. Ilikuwa fomu ya kila mwaka ya wastaafu. Penye swali, *Je, umepokea msaada wowote kutoka kwa mtu mwingine?*, watu wenye akili za mjini huandika hapana na kuendelea na maisha. Mzee Mhina alikuwa ameomba karatasi za ziada. Kurasa kumi na moja. Kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kuchapwa vidole, aliorodhesha kila bakuli. *Jumatatu, wali wa nazi na mchuzi wa samaki chuchunge, Mungu ambariki. Jumanne, mseto wa choroko, nilikuwa na homa, alikuja kuulizia hali mara mbili.* Na mwisho kabisa: *Naiomba Serikali imtambue Bi Mwantumu binti Sefu kwa wema wake, maana mimi sina cha kumpa.*

Siwema alizisoma zote. Machozi yalianza kumlenga, akayaacha.

Mashine peke yake ingeweza kubishiwa. Mizani hukosea, pete hupata maji. Lakini sasa alielewa kuwa kesi hii iliamshwa na kurasa hizi kumi na moja, za mtu aliyetaka kushukuru, akadhani fomu ya Serikali ni mahali pa kushukuria.

"Babu," alisema, "hii ndiyo iliyowachongea."

Alimweleza. Alimweleza polepole, na akaona uso wa mzee ukibadilika kama wa mtu aliyevunja chombo cha watu. Mzee Mhina alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa, akaivua tena.

"Nimemharibia," alisema.

"Hukukusudia."

"Wewe hujui ile posho ya uzee ni nini kwake. Mimi najua." Akaangalia ng'ambo, kwenye pazia la mlango wa Bi Mwantumu. "Amefua nguo za watu tangu ana miaka kumi na minne. Amelea watoto wa watu. Walimlipa kwa makombo na khanga zilizochakaa. Hajapata kusaini mshahara maisha yake yote. Siku ya kwanza ya posho, alimwomba yule mama wa dirisha la malipo asome jina lake mara tatu. Alirudi hapa akaniambia, Mzee Mhina, wameniita kwa jina langu na la baba yangu. Sasa aitwe mtegemezi wangu? Mtu ambaye mimi ndiye ninayemtegemea kwa chakula?"

"Kwa nini hamkuoana tu?" Swali lilimtoka Siwema kabla hajalipima.

Mzee alicheka kidogo, kikohozi kikaingilia. "Nilimwuliza. Akaniambia, Mzee Mhina, nimefagia nyumba za watu miaka hamsini, hii ya kwangu niache niifagie mwenyewe. Nikaona ana haki. Nikaendelea kurudisha bakuli."

Siwema alifungua mkoba. Ndani mlikuwa na kibao cha kiapo, cheusi, ukubwa wa sahani ndogo. Mthibitishaji hujibu maswali akiwa ameweka kiganja juu yake, na kibao husoma mapigo na jasho. Ukidanganya, kinajua. Siwema hakuwahi kudanganya, si kwa sababu ya kibao, ni tabia aliyopewa na mama yake, na hakuona kama ni kitu cha kujisifia. Lakini siku hiyo hakukiwasha.

"Kanuni inatoa siku kumi za kujirekebisha," alisema. "Bakuli lisivuke barabara siku kumi. Nitarudi siku ya kumi na moja. Pete na majiko yakionyesha kila mtu anajilisha, nitajibu kuwa ni kaya mbili, na itakuwa kweli."

"Siku kumi tu?"

"Siku kumi za kwanza. Na baada ya hapo, Babu, lisivuke tena."

Mzee Mhina aliangalia meza yake. Bakuli la maua mekundu lilikuwa pale, limeoshwa, kawa juu yake. Lilikuwa limekuja jana na samaki wa kupaka, na zamu ya kulirudisha ilikuwa yake.

*

Siku hizo kumi Siwema alizifuata kwenye kioo cha kompyuta ofisini, na angependa kusema alizifuata kikazi.

Jiko la Mzee Mhina, lililolala miaka sita, liliwaka siku ya kwanza. Likapika muhogo, pete ikala vijiko vitatu. Siku ya pili muhogo, vijiko vitatu. Ya tatu, muhogo. Uzito wake ukaanza kushuka, kidogo kidogo, kama maji kwenye mtungi uliopata ufa. Kwa Bi Mwantumu mambo yalikuwa mengine. Karani aliuliza wangapi leo, naye akajibu mmoja, kila siku, sauti imekauka. Lakini mizani ilisema vikombe viwili vya mchele. Mkono wake haukujua kupima wa mtu mmoja. Cha ziada alikuwa anawamwagia kuku.

Bwana Kanuti, mkuu wa kitengo, alisimama nyuma ya kiti cha Siwema siku ya nane. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama mzee Korogwe na alimpelekea dawa kila mwezi.

"Wanajitahidi," alisema.

"Wanakonda."

"Mmoja anakonda. Siwema, angalia hesabu kubwa. Bila kanuni hii kima cha chini hakipandi. Wafagizi, walinzi, wasichana wa viwandani, hata wewe na mshahara wako. Fedha ilibidi itoke mahali."

"Imetoka kwenye bakuli."

Bwana Kanuti alivuta pumzi. "Utajibu nini?"

"Kweli."

"Sina wasiwasi na hilo," alisema, na akamgusa bega, kwa upole, akaenda zake.

Jioni hiyo Siwema alirudi kwake, nyumba ya marehemu mama yake, mtaa wa tatu kutoka kwa wale wazee, kata ile ile. Alikula andazi alilonunua njiani, amesimama. Jiko la mama lilikuwa pale ukutani na vumbi lake. Tangu matanga ya mama yapite, miaka miwili sasa, hakuwa ameliwasha, kwa sababu lingemwuliza swali lile na hakutaka kulisikia akiwa peke yake. Hapo ndipo alipojua kinachomsumbua kwenye kesi hii. Hakuwa anawahurumia wale wazee. Alikuwa anawaonea wivu.

*

Siku ya kumi na moja alimkuta Mzee Mhina barazani, kanzu safi, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Bi Mwantumu alikuwa ameitwa, akaja, akakaa kwenye ncha ya mkeka upande wa mbali. Wazee wawili waliosalimiana kila siku miaka sita walisalimiana kama watu waliokutana kituo cha polisi.

Mezani lilikuwepo bakuli la maua mekundu, limefunikwa.

"Kuna nini ndani, Babu?"

"Muhogo wa nazi. Wa leo. Kila siku napika, nalijaza, nalitazama." Akakohoa. "Siwezi kulirudisha kwa sababu ya sheria. Na siwezi kukaa nalo tupu, ni bakuli la mtu. Kwa hiyo nalijaza. Jioni naupeleka muhogo kwa mbuzi wa msikitini."

"Mzee Mhina," Bi Mwantumu alisema, akiangalia mkeka, "sikujua unapika."

"Sijui kupika. Ndiyo maana wanakula mbuzi."

Bi Mwantumu alijifunika mdomo kwa ushungi. Mabega yalimtikisika, na kwa muda haikujulikana anacheka au analia. Kisha akasema, kwa sauti tulivu aliyokuwa ameiandaa tangu jana: "Andika kaya moja, mwanangu. Posho niliipata miaka tisa, jina langu limeshasomwa vya kutosha. Siwezi kumwona mtu anakonda kwa ajili ya jina."

"Haitaandikwa hivyo," Mzee Mhina alisema. "Andika mbili. Mimi nitazoea muhogo."

"Utazoea kaburi."

Siwema aliwatazama. Akiandika mbili, na leo ni kweli, mzee atamalizika taratibu na bibi atawapikia kuku. Akiandika moja, mwanamke huyu ataishi siku zake zilizobaki chini ya jina la mtu mwingine, baada ya kufagia miaka hamsini ili apate lake. Kwa jibu lolote kati ya hayo, kiganja juu ya kibao kingekuwa chake.

Alikuwa na njaa. Hilo nalo lilikuwa kweli. Alikuwa na njaa ya miaka miwili.

Akavuta bakuli, akafunua kawa, akachukua kipande cha muhogo kwa vidole, akakila.

Muhogo ulikuwa haujaiva katikati na chumvi ilizidi. Siwema akautafuna wote, akameza, akachukua kipande cha pili.

"Mwanangu," Bi Mwantumu alisema taratibu, "kibali chako."

"Najua, Bibi."

Akanawa kwa maji ya chupa yake, akatoa kibao, akakiwasha. Akaweka kiganja juu yake. Kibao kikauliza: *Je, majiko haya mawili yanalishana yenyewe kwa yenyewe?*

"Hapana. Majiko ni matatu. Bakuli linatoka kwa Mzee Sufiani Mhina kwenda jiko la tatu, linatoka jiko la tatu kwenda kwa Bi Mwantumu binti Sefu, linatoka kwa Bi Mwantumu kwenda kwa Mzee Mhina. Limeanza leo."

*Jiko la tatu ni la nani?*

"La Siwema Mntambo. Kata hii hii."

*Mthibitishaji amekula katika nyumba anayoikagua?*

"Ndiyo. Vipande viwili."

Kibao kikaandika mistari mitatu, mmoja chini ya mwingine. *Jibu ni kweli. Uhusiano: ujirani. Kibali cha mthibitishaji kimefungwa.* Mshahara wake ungekoma mwisho wa mwezi, na kungekuwa na kikao, na Bwana Kanuti angesikitika kwa dhati. Siwema aliogopa.

Bi Mwantumu aliinuka, akavuka mkeka wote, akamshika uso kwa mikono yake miwili iliyolowekwa sabuni za watu maisha mazima. "Umefanya nini wewe mtoto," alisema. Halikuwa swali. Akamwachia, akajikusanya, akamgeukia jirani yake. "Na wewe, kesho mchana ukae tayari. Nakuletea wali. Bakuli jingine ninalo."

"Nitakaa tayari," Mzee Mhina alisema. Akakohoa, akavua miwani, safari hii hakuifuta.

Siwema alipotaka kuondoka, mzee alimwekea bakuli la maua mekundu mikononi, muhogo uliobaki ndani, kawa juu. Hakumwambia chochote kuhusu kulirudisha. Hakuhitaji.

Alitembea nalo mitaa mitatu, jua la saa kumi mgongoni, mkoba wa kijani umening'inia begani hauna kazi tena. Watu walimsalimia kwa namna nyingine kabisa, jinsi anavyosalimiwa mtu aliyebeba chakula. Mwanamke mmoja wa nyumba ya kona, asiyemjua, aliuliza kuna nini humo, na Siwema akasikia mdomo wake ukisema karibu tule.

Nyumbani aliondoa vumbi kwenye jiko kwa khanga ya mama. Mchele ulikuwepo kidogo, nazi aliinunua njiani, dengu zilikuwa kwenye kopo la zamani na hazikuharibika. Akaosha, akapima, akakosea, akapima tena. Akabonyeza. Jiko likafikiri kidogo, kama mtu aliyeamshwa, likawaka rangi ya chungwa.

"Wangapi leo?" Karani akauliza.

Siwema alisimama na mwiko mkononi. Machozi yalikuwa yanamtoka, na harufu ya nazi ilikuwa imeanza.

"Mmoja," alisema, "na wageni wawili."